Haki ya Njia

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba njia haina haki yo yote juu ya mtu. Nyumba ina mwenyewe, shamba lina mwenyewe, hata mti wa matunda una mwenyewe; lakini njia, husema, ni ya kila mpitaji, naye akiisha kupita hadaiwi kitu. Katika makala haya twataka kuchunguza kama dhana hii ni sawa. Mfano wetu utakuwa njia za miguu za Mlima Meru na vijiji vilivyouzunguka, kwa kuwa hapo swali hili laonekana wazi kabisa.

Atokaye mjini Arusha kwa miguu kuelekea kaskazini hupanda kwanza katikati ya migomba na mibuni ya Waarusha, katika vijiji kama Ng'iresi. Njia hupita ukingoni mwa mifereji ya maji, katikati ya uwanja wa mtu na zizi la mwenzake. Upande wa mashariki wa mlima, Wameru nao wana vijiji vyao vya namna hiyo. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto na kupewa jina lake la sasa mwaka 1967. Kutoka lango la Momella mpandaji huongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Siku ya kwanza hulala Miriakamba, penye kimo cha mita 2,500 na kidogo. Siku ya pili hutoka msituni, miti ikipungua na kuwa vichaka vifupi vya milimani, nyasi ngumu na upepo, mpaka afike kibanda kilicho karibu na Meru Ndogo. Kutoka hapo huondoka usiku wa manane, akakanyaga majivu ya volkano mpaka kilele kinachopita mita 4,560.

Kwa safari hiyo mgeni hulipa ada. Basi hapa ndipo swali letu lilipo: je, aliyelipa ada amekwisha kulipa yote anayodaiwa na njia?

Mtu anaweza kujibu upesi kwamba ndiyo. Atasema: "Bei imetajwa, nami nimeitoa. Mpagazi amekubali ujira wake, kijiji kimepata sehemu yake. Biashara iliyokubaliwa na pande zote mbili haina deni." Hoja hii si ya kudharauliwa. Mapatano ni jambo zito, na atimizaye mapatano ni mtu mwema. Lakini na tuitazame historia ya njia zenyewe, tuone kama zinaweza kununuliwa namna hiyo.

Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili nchi ile wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitumwa na watu wake mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma hiyo, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Ardhi haikurudishwa papo hapo, lakini sauti yake ilisikika duniani, na leo Ngare Nanyuki ni makazi ya Wameru tena. Sasa fikiri, ewe msomaji: mgeni apitaye leo pande hizo akiutazama mlima kwa furaha, anakanyaga njia ambazo wazee wa mahali hapo walizikanyaga wakifukuzwa, na watoto wao wakazikanyaga wakirejea. Je, ada ya langoni yaweza kuwa bei ya jambo hilo? Ada ni bei ya ruhusa tu. Njia yenyewe haikutengenezwa na aliyepokea fedha peke yake. Ilitengenezwa na miguu ya watu wengi, waliokufa na walio hai, wala hakuna mmoja wao awezaye kuiuza yote.

Kuna mfano mwingine kutoka nchi ya mbali. Uingereza, karibu na mji wa Manchester, kuna nyanda za juu zilizo wazi, zenye nyasi na vichaka vifupi vinavyofanana na vile vya Meru. Mabwana wenye ardhi walizifunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Mwezi wa Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao wafanya kazi vijana wa viwandani, waliingia kwa miguu katika mlima wa Kinder Scout bila ya idhini, na baadhi yao wakafungwa gerezani. Mwaka 1949 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na mwaka 2000 sheria nyingine ikawapa watu haki ya kutembea katika nyanda kama hizo. Huko mwenye nguvu aliwazuia watu wasipite. Huku Meru mwenye nguvu aliwaondoa watu wasikae. Mambo mawili haya yatufundisha jambo moja: njia si udongo tu. Ni mahali ambapo haki ya mtu hukutana na haki ya mwenziwe, na kwa hiyo yahitaji adabu.

Adabu hiyo ni ipi? Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakataza masahaba zake wasikae njiani. Walipoeleza kwamba hawana mahali pengine pa kuzungumzia, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Naye akaitaja: kuinamisha macho, kuzuia madhara, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Na tuyapime mambo haya manne katika njia za Meru.

Kwanza, kuinamisha macho. Njia ya kijijini hupita mlangoni pa watu. Mama anachambua kahawa, mtoto anaoga uani. Mpitaji hakupewa ruhusa ya kuwafanya kuwa maonyesho. Anayeinua kamera kabla ya kuinua mkono wa salamu amechukua kitu ambacho hakuna ada iliyokitaja.

Pili, kuzuia madhara. Katika majivu ya mlima, mguu unaoacha njia ili kufupisha mzunguko huanzisha ufa. Mvua huufuata ufa huo, na baada ya misimu michache panakuwa korongo. Mmoja husema, "Ni hatua zangu mbili tu." Lakini maelfu husema vivyo hivyo. Chupa iliyotupwa karibu na mfereji hushuka mpaka kwa anayechota maji. Kumbuka pia kwamba kuondoa cha kuudhi njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani. Basi akiacha cha kuudhi, mtu afikirie amekata tawi gani.

Tatu, salamu. Huenda hii ikaonekana ndogo kuliko zote, nami nasema si ndogo. Kijana amwambiapo mzee "Shikamoo" njiani, anakiri kwamba yupo katika nchi ya watu. Apitaye kimya kati ya wenyeji kana kwamba ni miti, amewahamisha moyoni mwake, ingawa hakuchoma nyumba ya mtu.

Nne, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Hapa ndipo hoja ya biashara inapojibiwa. Mpagazi amekubali ujira, ni kweli. Lakini mtu mwenye njaa hukubali mengi. Ukiona amebeba mzigo unaozidi nguvu zake, au kwenye baridi ya usiku hana koti hali wewe unayo mawili, wajibu wako haukwisha kwa sababu ulilipa wakala mjini. Uliza mshahara wake ni kiasi gani na kama umemfikia. Sema neno. Mapatano huhalalisha kile kilichokubaliwa kwa hiari; hayahalalishi kumfumbia macho mtu anayeumia mbele yako.

Labda utasema: "Mimi si mpanda mlima wala mtalii. Mambo haya yanihusu nini?" Yanakuhusu sana, hasa wewe unayetafuta ukweli wa dini, au uliyeingia karibuni katika dini. Kila mmoja wetu hupita katika njia iliyofyekwa na wengine. Lugha unayosali kwayo ulifundishwa. Kitabu unachosoma kilitafsiriwa na mtu aliyekesha. Mfereji unaokunywesha ulichimbwa na babu usiyemjua jina. Nani katika hao umemlipa? Huwezi kuwalipa, kwani wengi wamekwisha kufa. Deni la njia halilipwi nyuma, hulipwa mbele: kwa kumwachia ajaye njia iliyo safi kuliko ulivyoikuta, na kwa kumheshimu uliyemkuta.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ada ni ya haki, na ilipwe. Katika vijiji kama Ng'iresi ni jambo jema kwamba vijana wa hapo hapo ndio huwaongoza wageni, na sehemu ya malipo hutengwa kwa maendeleo ya kijiji. Lakini ada humaliza hesabu ya mkoba tu. Hesabu ya macho, ya miguu, ya ulimi na ya moyo hubaki wazi, na kila hatua huandika ndani yake.

Basi, ndugu msomaji, utakapotoka nyumbani kesho, iwe ni kwenda kileleni, shambani au sokoni, jiulize njia yako inakudai nini. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wapitaji ambao njia haitawashitaki. Amin.