Fimbo ilimpiga nani?

Januari 2021, siku 2 kabla ya uchaguzi, serikali ya Uganda ilifunga Facebook. Kampuni ilikuwa imefuta akaunti zilizohusishwa na serikali, nayo serikali ikalipiza.

Sasa tujiulize, ndugu zangu: fimbo ilimpiga nani? Kampuni iko Marekani, ina wateja dunia nzima, inaendelea kula. Lakini dada anayeuza vitenge Jinja alikosa wateja, na sisi wakimbizi tukakosa njia moja ya kutafuta ndugu waliobaki Kongo.

Vijana wangu wa Mbale wanaingia kwa VPN, bando linaisha haraka. Mmoja aliniuliza, "Kaka, hii ni kosa?" Nilinyamaza. Adhabu isiyomuumiza unayemshitaki, mimi siiti haki. Lakini nikimwambia kijana avunje amri, nikiwa mgeni hapa, nani atamtetea?