Nani Anayetangulia Penye Chemchemi?

Ndugu msomaji, swali lililoletwa mbele yangu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Kijana mmoja wa hapa mkoani Singida, mtu wa biashara na mwenye kuswali, ametaka kujua kama ni halali kwake kuizungushia ukuta chemchemi ya maji moto, ajenge mabirika ya kuogea na vyumba vya kubadilishia nguo, kisha awatoze wageni wanaokuja kujichovya na kuipumzisha miili yao. Akaongeza swali dogo: je, maji yale yafaa kutawadhia? Wenzake walikwisha kumpa majibu. Mmoja kamwambia kwamba kujilaza katika maji moto ni anasa ya watu wasio na kazi, na Muislamu hana haja nayo. Wa pili kamwambia, maji ni ya Mungu na ardhi ni ya serikali. Pata kibali chako, lipa kodi yako, ufanye utakavyo. Majibu yote mawili nayaona mafupi, na huyu wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Mkoa wetu umekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Anayesimama Kilimatinde akatazama upande wa Bahi, au anayeteremka Sekenke kuelekea mbuga ya Wembere, anaona kwa macho yake jinsi ardhi ilivyopasuka, upande mmoja ukabaki juu na wa pili ukashuka. Mvua inayonyesha huku juu hupenya polepole katika nyufa hizo. Kila kilomita moja ya kwenda chini, joto la miamba huzidi kwa kiasi cha digrii 25 hadi 30. Maji yakifika mbali hupata moto, kisha hupanda tena kwa njia ya ufa mwingine na kutokeza juu yakiwa na chumvi na madini ya kila mwamba yaliopitia. Wataalamu wa miamba walizipima baadhi ya chemchemi za nchi hii ya kati, kama Mponde na Hika, tangu zama za Waingereza, wakakuta mapovu yake yamejaa naitrojeni, na ndani yake imo heli, hewa nyepesi inayotoka katika miamba mikongwe sana.

Nimeyaeleza haya kwa kusudi. Bado wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba maji yanayochemka bila kuni yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo hutaka kuku mweusi au sarafu kabla ya kumponya mtu goti. Hapo hapana mzimu wa kupewa chochote. Aliyeyatia maji hayo joto ndiye aliyeitia mvua ubaridi, na anayeomba basi amwombe Yeye. Ama kusema kwamba maji moto huyalegeza maungo yaliyokaza na kuyatuliza maumivu ya viungo, hilo si ushirikina. Ni jambo linalojulikana na kila aliyewahi kukandwa kwa kitambaa cha moto. Lakini kutuliza ni kitu kimoja na kuponya ni kitu kingine. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na mama mjamzito, wamwone tabibu kabla ya kuingia. Na ziko chemchemi ambazo maji yake humbabua mtu ngozi mara moja. Ile ya Kitagata, huko Uganda, hufika digrii 80.

Sasa nirudi kwa yule aliyesema kujichovya ni anasa ya wavivu. Nadhani ameusahau mkasa wa Salman na Abu Dardaa. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha mpaka mkewe akaacha hata kujipamba. Salman alipofika kuwa mgeni wake, akamtaka ale, na usiku akamtaka alale, mpaka ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku ndipo wakaamka wakaswali pamoja. Akamweleza kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), akamsadiki Salman. Basi mapumziko si sadaka tunayoupa mwili kwa huruma zetu. Ni deni. Na mkopeshaji huyu asipolipwa kwa hiari huja kuchukua chake kwa nguvu, tena kitandani.

Wala kuoga kwa kujistarehesha si jambo geni kwa Waislamu. Miji ya Sham, Misri na Uturuki ilijaa mahamamu, na mengi yake yaliwekwa wakfu, mapato yakaendesha misikiti na vyuo. Kwetu Unguja yamebaki majengo ya Kidichi, aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Hamamni ya mjini, iliyojengwa zama za Seyyid Barghash ili watu waoge. Wanavyuoni hawakuyaharamisha, waliyawekea adabu. Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kuingia hamamu bila ya shuka kiunoni, na Imamu Ghazali katika Ihya anamtaka mwogaji akumbuke, katika joto lile, moto ulio mkubwa zaidi. Kwa hiyo kijana wetu akijenga, ajenge pa wanaume mbali na pa wanawake, au agawe siku, na asimruhusu mtu kuingia akiwa uchi, awe mgeni wa kutoka Ulaya au jirani wa kutoka ng'ambo ya mto. Jambo hili ni wazi, na sitalirefusha.

Lililo refu ni suala la ukuta.

Ndugu msomaji, fikiri ni nani anayekuja kwenye chemchemi kama hizi kabla ya tajiri yeyote kuzikumbuka. Ni mzee aliyeinama msimu mzima shambani kwa mtama na alizeti. Ni mama ambaye mgongo wake umebeba ndoo tangu utotoni. Sisi tunaishi katika nchi kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikata Aprili au Mei tunaanza kuhesabu miezi. Watu hawa huja na kanga na kikoi, hukaa pembeni ambapo maji yamepoa kidogo, huchovya miguu, huzungumza, hurudi makwao wakiwa wepesi. Wao ndio wenye kuhitaji mapumziko kuliko sisi sote. Siku ukuta utakaposimama na mlangoni akakaa mtu mwenye kitabu cha stakabadhi, watakaozuiwa ni wao, na watakaoingia ni watu waliofika kwa gari kutoka mbali ili kuondoa uchovu wa kukaa kitini.

Je, sheria yetu inasemaje? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na katika watu waliotajwa kuwa Mola hatawatazama Siku ya Kiyama yumo yule mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri. Mafakihi wakafafanua: maji yanayotoka yenyewe katika ardhi isiyo milki ya mtu ni ya wote, aliyechota katika chombo chake amemiliki alichochota, na aliyechimba kisima katika milki yake hutangulia kwa haja zake, lakini kinachozidi hawezi kuwanyima wenye kiu na wanyama wao. Hapa kijana wetu anapata nafasi yake ya halali. Anaweza kuchukua ujira wa birika alilolijenga, chumba alichokiezeka, taulo alilolifua, na mtumishi anayesafisha. Hiyo ni kazi ya mikono yake. Joto na maji hakuvitengeneza yeye, na chemchemi yenyewe haingii katika bei.

Tena tunalo tukio la kisima cha Ruma. Waislamu walipofika Madina walisumbuliwa na uhaba wa maji matamu, na mwenye kisima hicho alikuwa akiwauzia. Sayyidna Uthman (R.A.) akakinunua kwanza nusu, iwe siku moja yake na siku moja ya mwenzake. Katika siku ya Uthman watu waliteka bure maji ya siku mbili, na siku ya pili hapakuwa na mnunuzi. Mwenyewe akaona biashara imekwisha, akaiuza na nusu iliyobaki, na kisima kikawa wakfu. Napenda sana werevu wa biashara hii: tajiri alitumia fedha kuubomoa ukuta, hali matajiri wengi huzitumia kuujenga.

Mfano mwingine u karibu na sisi kwa damu na kwa lugha, maana katika miji yetu ya bara waliishi wafanyabiashara waliotoka Oman. Huko, karibu na Rustaq, iko chemchemi ya Ain al-Kasfa yenye maji ya kiasi cha digrii 45, watu huoga humo kwa maradhi ya ngozi na viungo, na maji yanayoendelea hunywesha mashamba. Waomani wana mifereji yao ya kale, aflaji, ambayo mitano iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tazama utaratibu wake. Maji yanapotokeza kijijini, mahali pa kwanza ni pa kuteka ya kunywa, na hapo hapaogwi. Yakishuka hufika msikitini, kisha sehemu za kuogea, za wanaume na za wanawake mbalimbali, na mwisho kabisa ndipo bustani zinapogawiwa kwa zamu. Pale pa kuteka panaitwa sharia. Na neno hili sharia, ambalo sisi tumelizoea kwa mahakama na hukumu, asili yake katika Kiarabu ni njia ya kufikia maji. Nani atangulie na nani angoje: hiyo ndiyo sharia, kabla haijawa kitabu. Hata Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliyatanguliza mahitaji ya binadamu mbele ya biashara zote.

Kuoga basi kuna nafasi katika mpango ule, tena nafasi ya heshima, karibu na msikiti. Lakini si ya kwanza.

Hapa mtu mwerevu atanipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: sheikh, maji haya ya moto hayanyweki. Ni kweli. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana floridi nyingi, na maji ya chemchemi za moto aghalabu huwa nayo zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hupinda. Basi, atasema mpinzani wangu, ikiwa haki ya kwanza ni ya kinywa na kinywa hakiyataki maji haya, imekwisha. Tunaanzia na haki ya kuoga, na mwenye mtaji ajenge.

Mimi naona haki ile haikufa. Imehama. Kijiji kilicho na chemchemi ya namna hii kina kiu mara mbili, kwa kuwa kinaona maji na hakiwezi kuyanywa. Ikiwa maji yale yale yanamletea mtu mmoja fedha, basi kiu ya kijiji imo ndani ya fedha hizo, na hutangulia mbele ya faida yake. Kwa senti za birika yaweza kujengwa matangi ya kuvuna mvua katika mapaa ya shule, au mtambo wa kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, kama unavyofanyiwa kazi Ngurdoto, Arusha. (Mifupa na iwe ya ng'ombe waliochinjwa kwa sharia, maana katika madhehebu yetu mifupa ya mzoga ni najisi.) Sisemi atoe akipenda, kama sadaka ya Ijumaa. Nasema aiandike katika mkataba na serikali ya kijiji kabla ya tofali la kwanza, sehemu ijulikane, na mwenye kuipokea ajulikane. Na ahifadhi sehemu ya chemchemi, au saa za alfajiri na za alasiri, ambapo mzee wa shambani ataingia bila kuulizwa kitu. Huko Kitagata niliyoitaja pana madimbwi mawili jirani: moja lilikuwa la Omugabe, mfalme wa Ankole, na la pili hujulikana kwa jina la Mulago, kama hospitali kuu ya Kampala, kwa kuwa ni la wagonjwa. Mfalme alikuwa na lake, na wagonjwa walikuwa na lao.

Utaratibu huu nautaka pia kwa wakubwa zaidi ya kijana wetu. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba ardhi ya Rukwa ina heli nyingi, watafutaji wameelekeza macho yao pia upande wa Eyasi na Balangida, jirani zetu, kwani hewa hiyo hupoza mitambo ya hospitali inayopiga picha ndani ya mwili. Mapovu ambayo babu zetu waliyaona kuwa pumzi ya mizimu yamekuwa mali. Itakapokuja zamu ya chemchemi zetu, wazee wa vijiji waulize swali lile lile kabla ya kutia dole gumba: anayetangulia ni nani?

Amma udhu, jibu lake ni jepesi. Maji ya chemchemi ni tohara, hata yakiwa na harufu ya kiberiti au rangi ya madini, kwa kuwa yamebadilika kwa kitu cha mahali pake yanapopita, si kwa kutiwa. Floridi haiharibu udhu. Asukutue na kutema. Lakini maji yaliyo makali kwa moto ni makuruhu kutawadhia, maana mtu huyapitisha mbiombio kwa kuogopa kuungua, na kiungo kisipate haki yake. Ayateke katika ndoo, ayaache yapoe, kisha atawadhe.