Ukingo wa Paa

Kuna msemo ambao vijana wetu wanaosomea kompyuta na uhandisi wanaupenda sana. Wanasema, "Pastor, chombo hakina dhambi. Mwenye dhambi ni anayekitumia." Halafu wanaleta mfano wa kisu: kinakata sukuma wiki, na kinaweza kuua mtu.

Mimi naona msemo huo una ukweli nusu. Kisu cha jikoni na kisu cha vita havifanani. Kuna mtu alikaa chini akaamua urefu, mpini, na makali yawe upande mmoja au pande zote mbili. Kabla kisu hakijafika mkononi mwa mtumiaji, maamuzi mengi yalikuwa yameshafanywa, na aliyeyafanya ana jina.

Tuchukue kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni. M-Pesa haikuanza ikiwa hii tunayoijua. Majaribio yake yalifanyika mwaka 2005, Nairobi na Thika, na shabaha ilikuwa ndogo tu: watu waliokopa mikopo midogo kupitia vikundi waweze kupokea na kulipa kwa simu. Wahandisi walitengeneza mfano, wakawapa watu, kisha wakafanya jambo ambalo wengi wetu hatuwezi. Walinyamaza wakaangalia. Wakaona watu hawakufuata maagizo. Mtu anaweka pesa kabla ya safari anaitoa akifika, asiibiwe njiani. Wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao. Ile habari ya mikopo ikawa ndiyo ngumu zaidi, na kutumiana pesa ndiko kulikopendwa. Basi wakairudisha mezani, wakaipunguza, na Machi 2007 ikazinduliwa ikiwa huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Ukweli usemwe, hiyo ni kazi nzuri. Tavneet Suri na William Jack walichapisha utafiti mwaka 2016 wakakadiria kwamba huduma hii ilitoa familia kama 194,000 za Kenya katika umaskini, na waliofaidi zaidi ni nyumba zinazoongozwa na wanawake. Sisi tuliokulia mashambani tunakumbuka pesa ya karo ikipewa makanga wa basi kwenye bahasha, halafu nyumbani wanaomba Mungu ifike.

Lakini bomba likishatandazwa, halichagui maji. Mkopo wa simu ukaja kwa nguvu kuanzia mwisho wa 2012, kisha programu nyingi za mikopo, na kamari nayo ikapita humo humo. Kijana hahitaji tena kuonekana akiingia mahali pa kuchezea. Anabonyeza tu akiwa kitandani.

Kuna siku nilipokea ujumbe kutoka kwa kampuni ambayo sijawahi kuwa na shughuli nayo. Ulisema kwamba dada fulani, mshirika wetu, ana deni, na eti nimwambie alipe. Deni lenyewe lilikuwa elfu mbili na kitu. Alipokuwa akiweka ile programu kwenye simu, ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote aliyohifadhi, akakubali kama tunavyokubali wote bila kusoma. Wakapigiwa bosi wake, shemeji yake, na mwalimu wa mtoto. Huyo dada alikaa zaidi ya miezi miwili bila kukanyaga kanisani. Deni alikuwa ameshamaliza kulipa. Ilikuwa ni aibu.

Sasa niulize: ni nani alimkosea? Ukisema ni yeye kwa kukopa, sawa, deni hulipwa. Ukisema ni yule karani aliyepiga simu, yeye naye atakwambia majina yaliletwa na mashine. Ukifuata kamba hiyo mpaka mwisho utakuta chumba kimoja mahali fulani, mezani kuna kompyuta na kikombe cha chai, na mtu anaulizwa, "Tuombe ruhusa ya majina au tusiombe?" Naye anajibu, "Tuombe." Wakati wa majaribio ilionekana inafanya kazi vizuri sana, maana watu walilipa.

Mimi nilisomea biashara, na huko tulifunzwa kutoka sokoni haraka, kupima, kurekebisha, kupima tena. Sipingi. Shida ni kile unachopima. Ukipima malipo peke yake, aibu ya mtu haitaonekana kwenye ile karatasi hata ukirudia majaribio mara mia.

Kumbukumbu la Torati 22:8 ina sheria ambayo huwa tunairuka tukitafuta mistari ya baraka. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo. Angalia vizuri. Anayeanguka hakusukumwa. Amepanda mwenyewe kwa miguu yake, pengine hata alikuwa mzembe. Bado mwenye nyumba anaulizwa. Kwa nini? Kwa sababu paa zao zilikuwa bapa na watu walikaa juu, walianika vitu juu, walilala juu. Mjenzi alijua.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Wale wa 2005 siwezi kuwadai kamari ya leo, hawakuwa manabii. Lakini mtu wa kwanza akishaanguka, umejua, na kuanzia siku hiyo paa bila ukingo ni uamuzi wako. Ndiyo maana kazi ya mhandisi haiishi siku ya kuzindua. Serikali yenyewe ilichukua muda: sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ilipita mwaka 2021, na kanuni za 2022 zikakataza vitisho na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Ukingo umewekwa, ila wengi walikuwa wameshaanguka.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wanatengeneza programu ya kile kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopeshana. Imependeza, na kitabu cha mweka hazina kitapumzika. Wiki jana walinionyesha ukurasa ambao wanachama wote wanaona nani amelipa na nani hajalipa, jina la asiyelipa likiwa kwa rangi nyekundu. Nikawauliza: mama akilazwa hospitali miezi mitatu, ukurasa huu utasema nini juu yake, na utawaambia akina nani? Wameenda kuufikiria.