Binti za Selofehadi na Waziri wa Samaki

Katika sura ya 27 ya kitabu cha Hesabu wasichana watano wanasimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu wa mkutano. Baba yao, Selofehadi, amefariki bila mtoto wa kiume, nao wanadai urithi wake. Musa angeweza kuwajibu kwamba sheria haiwatambui, wakaenda zao. Hakufanya hivyo. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana, na sheria ikabadilika. Nikiisoma sura hiyo siku hizi namfikiria Farida Akhter wa Bangladesh.

Mama huyu alisomea uchumi Chuo Kikuu cha Chittagong, na mwaka 1984 alishiriki kuanzisha UBINIG, taasisi ya utafiti wa sera. Wakati huo serikali na wafadhili walikuwa wameshika kampeni kubwa ya kupunguza uzazi, na wanawake maskini walikuwa wakiwekewa kwa majaribio vijiti vya kuzuia mimba vya Norplant, sita chini ya ngozi ya mkono. Watafiti wa UBINIG waliwafuata wanawake hao na kuwauliza hali zao. Wapo waliokuwa wakitokwa na damu bila mpangilio, wakarudi kuomba vijiti vitolewe, wakaambiwa wavumilie. Farida na wenzake waliyaandika maneno yao na kuyachapisha. Kuhusu uzazi wa mpango tunaweza kutofautiana, hata ndani ya kanisa. Lakini mwanamke anayesema anaumia, akarudishwa nyumbani na maumivu yake, huyo amedhulumiwa, na hapo hatuna la kubishania.

Kisha yakaja mafuriko makubwa ya mwaka 1988. Huko Tangail wanawake wa vijijini waliwaeleza watafiti jambo ambalo hakuna fomu iliyokuwa imeliuliza: dawa za kupulizia mashamba zinatumaliza. Zinaua samaki wadogo wa kwenye majaruba, zinaua mboga zinazoota zenyewe kando ya shamba, na hizo ndizo kitoweo cha asiye na ardhi. Kutokana na malalamiko hayo likazaliwa vuguvugu la Nayakrishi, la wakulima wanaolima bila sumu na kutunza mbegu zao wenyewe. Ghala zao za mbegu zimejaa vyungu na chupa zilizozibwa vizuri, na ndani yake mpunga wa asili wa aina nyingi mno. Watunzaji ni akina mama. Wanajua ipi inastahimili maji ya mafuriko na ipi inafaa kwa uji wa mgonjwa. Mtu akichukua mbegu, baada ya mavuno anarudisha, tena kwa nyongeza.

Miaka mingi Farida aliishi upande huo wa meza, upande wa wanaolalamika. Tarehe 5 Agosti 2024 Waziri Mkuu Sheikh Hasina aliikimbia nchi kufuatia maandamano yaliyoanzishwa na wanafunzi. Siku tatu baadaye Profesa Muhammad Yunus aliapishwa kuongoza serikali ya mpito, na Farida, akiwa amevuka miaka 70, akakabidhiwa Wizara ya Uvuvi na Mifugo. Cheo chake kiliitwa mshauri, lakini kazi ilikuwa ya waziri.

Mtihani ulikuja upesi, nao ulikuwa samaki. Hilsa ndiye samaki wa taifa la Bangladesh, na ng'ambo ya mpaka, West Bengal nchini India, anatafutwa sana wakati wa sikukuu ya Durga Puja. Farida alisema wananchi washibe kwanza, kwa maana bei ilikuwa imewashinda watu wa kawaida. Haikupita muda, mwezi Septemba serikali hiyohiyo ikaruhusu tani 3,000 ziuzwe India. Mwezi uliofuata likaja zuio la siku 22, kuanzia tarehe 13 Oktoba, ili samaki wanaopanda kutoka baharini kuingia mito ya Meghna na Padma watage mayai kwa usalama. Ni zuio la haki, maana bila mayai hakuna samaki wa mwakani. Lakini kwa siku hizo zote familia ya mvuvi hupewa kilo 25 za mchele, na mvuvi mwenyewe mara nyingi ana deni kwa tajiri aliyemkopesha nyavu. Mtafiti angeandika kwamba mchele huo hautoshi. Waziri ndiye anayetia saini.

Ndiyo maana nawasihi msiishie sura ya 27. Fungueni sura ya 36. Wazee wa ukoo wa wale wasichana wanamjia Musa na shauri lao: binti hawa wakiolewa kabila jingine, ardhi yetu itakwenda nao. Musa anawasikiliza hao pia, na sheria inaongezewa sharti: waolewe ndani ya kabila la baba yao. Wasichana hawakupoteza urithi, ila hawakubaki na kila kitu walichokuwa nacho mwanzo. Musa hakumfukuza mtu hata mmoja, na hakumridhisha mtu kikamilifu. Naona huo ndio mzigo aliojitwisha Farida alipokubali kiti, na wapo waumini wenzetu wanaoubeba katika halmashauri, mabaraza na kamati za shule.

Katika maombi ya Jumapili hii tuwataje viongozi wetu kwa majina. Tuwaombee pia wake wa wavuvi wa Meghna, na wa maziwa yetu na pwani yetu, ambao ziwa au bahari ikifungwa ndio wanaopima mchele uliobaki na kuugawa kwa siku zilizobaki.