Kukikataa Kitabu Kilichosifiwa

Sifa zikikitangulia kitabu kwa muda mrefu, humfanya msomaji aliyechelewa ajione kama mgeni aliyefika karamuni wakati wenzake wamekwisha kushiba, wakawa wanamsimulia utamu wa pilau huku masinia yakiondolewa. Neno hili sikufundishwa na mtu. Nimelijua kwa kuishi miaka minane kando ya riwaya moja ambayo kila niliyekutana naye hapa Kamembe, mjini kwetu Rwanda, tangu walimu wenzangu hadi karani wa forodha pale mpakani, aliniuliza kama nimekwisha kuisoma, nami nikijibu kwa adabu kwamba bado, ilhali moyoni nilikuwa nimekata shauri kwamba sitaisoma abadani.

Riwaya yenyewe ni Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, ya Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, na ambaye watu walimjua kwa muziki wa kufokafoka kabla ya kumjua kwa riwaya. Ilitoka mwaka 2016, na mwaka huohuo ikatunukiwa Goncourt des lycéens, tuzo ambayo tangu mwaka 1988 huamuliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa wapatao 2,000, si na wazee wa fasihi. Sababu niliyoitamka hadharani ilikuwa ya umri: kitabu kilichochaguliwa na vijana, tena kinachosimuliwa kwa sauti ya mtoto, kina nini cha kumfaa mtu aliyekwisha kumaliza miaka thelathini mbele ya ubao?

Sababu niliyoificha ilikuwa nzito zaidi. Sisi watu wa Cyangugu (jina hilo la zamani halijatutoka midomoni, ingawa tangu mwaka 2006 wilaya yetu huitwa Rusizi) tumeandikwa sana. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, uwanja wa mpira wa Kamarampaka uligeuzwa zizi la watu waliokuwa wakiitwa kwa orodha na kutolewa wakauawe, na waliosalia wakapelekwa kambini Nyarushishi. Na tangu hapo hatujakosa wageni wenye madaftari. Kwa hiyo, kila niliposikia kitabu kinachougusa msiba ule kikisifiwa, niliiuliza nafsi yangu: kinachosifiwa hapa ni kitabu, ama ni huruma ya msifuji mwenyewe, ambaye amelia kidogo na sasa anajipongeza kwa machozi yake? Swali hilo naliona la haki hata leo, wala silifuti. Ila nililitumia vibaya, madhali nililiuliza juu ya kitabu nisichokifungua.

Na hapa pana ajabu ya sifa, kwamba nguvu yake ya kumvuta mtu ni ndogo kuliko ya lawama. Rosa Mistika, riwaya ya Mtanzania Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kurejeshwa kwa heshima kuwa kitabu cha kufundishia. Nami sijapata kusikia kwamba kijana yeyote alihitaji kubembelezwa aisome siku zile za marufuku. Kitabu kilichokatazwa humwachia msomaji fahari ya kukigundua mwenyewe. Kilichosifiwa humnyang'anya fahari hiyo, kikamwachia kazi ya kukubali tu, na kukubali ni kazi ambayo ghururi ya binadamu haiipendi.

Imamu Ghazali, katika kitabu alichosimulia jinsi alivyookoka na upotevu, anasema kwamba mwigaji hubaki mwigaji maadamu hajui kuwa anaiga. Siku akijua, kioo cha uigaji kimevunjika na hakiungiki tena. Nilikuwa nikiyafahamu maneno hayo tangu ujanani, na nikiyasoma siku zote kama yanawahusu wengine, wale wanaosoma kitabu kwa kuwa jirani kakisoma. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba anayekikataa kitabu kwa kuwa jirani kakisoma naye pia amemwachia jirani hukumu yake: wote wawili wanafuata nyayo zilezile, isipokuwa mmoja anatembea kinyumenyume na kudhani kwamba kwa sababu hiyo yu huru.

Mwishoni mwa mwaka 2024, riwaya ya pili ya mwandishi huyo, Jacaranda, ilipopata tuzo ya Renaudot na mazungumzo yakaanza upya, msichana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia nyumbani na nakala ya Kifaransa ya ile ya kwanza, mali ya shangazi yake, kwani yeye, kama wengi wa rika lake, alikuwa ameisoma kwa Kiingereza.

"Mwalimu, si lazima ukisome," akasema, akikiweka juu ya meza karibu na chupa ya chai. "Kiweke tu hapa."

Nadhani hila yake ilikuwa katika hilo neno "tu".

Nilikifungua usiku wa tatu, nikiwa barazani ninakokaa kila jioni, Ziwa Kivu likiwa chini yangu na taa za Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo, na katikati wavuvi wa sambaza wanakwenda kwa mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yasipotezane. Kurasa chache tu za mwanzo, nikakuta jamaa ya mtoto Gabriel, wanaokaa Bujumbura, wanapanda kwenda Bukavu kumtembelea mzee mmoja rafiki wa baba. Nikainua macho, Bukavu ileile ikawa mbele yangu, na kwa muda nikashindwa kujua niisome ipi. Maji yanayotoka ziwani hapa, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,460, yakapita chini ya daraja letu la mpakani, huteremka na mto Rusizi hadi Tanganyika, mita 770 hivi, karibu na mji wa mtoto yule. Miaka minane nilikuwa nimeidhania hadithi ya Wafaransa, kumbe ilikuwa imeandikwa mtoni kwetu, upande wa chini.

Basi niseme kilichonishinda, kwa kuwa insafu yanitaka niseme. Wasifuji walikuwa wamenionya juu ya mama anayerudi kutoka Rwanda baada ya mauaji na kusimulia madoa ya sakafuni yasiyokubali kutoka. Nilipofika hapo nilikuwa nimejifunga kibwebwe, na nikapita nikiwa na huzuni lakini nimesimama. Kilichoniangusha ni baiskeli. Gabriel anaibiwa baiskeli yake. Inatafutwa kijiji kwa kijiji, inapatikana kwa mtoto wa maskini ambaye wazazi wake wameinunua kwa akiba yao yote bila kujua ni ya wizi. Na Gabriel anaichukua, kwa kuwa ni haki yake, kisha haki hiyo inamgeukia kuwa aibu, hata hawezi kuipanda tena. Hapo nilifunga kitabu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kasia langu liliibwa ufukoni, nikaliona wiki mbili baadaye mikononi mwa mtoto wa kisiwa cha Nkombo, ambaye babaye alilinunua sokoni. Nililitambua kwa kovu la moto karibu na mpini. Sikugombana naye: nilinyoosha mkono, naye akanipa, na wakati wote ule hakunitazama mimi, alilitazama kasia. Halijapata kumfikia mtu jambo hili, mke wangu akiwamo.

Sifa basi hazikuwa zimesema uongo, lakini zilinielekeza kwenye mlango mkubwa, nami nikaweka ulinzi wangu wote pale. Kitabu kikaingia kwa uani. Ghazali huyohuyo anasema kwamba kuijua tafsili ya ulevi ni jambo moja na kulewa ni jingine, na kwamba mlevi aghalabu haijui tafsili yake. Msifuji ni mlevi anayejaribu kututolea tafsili. Tumsamehe, maana hana namna. Na pengine vijana wale 2,000, ambao niliwadharau kwa umri wao, walilewa kwanza wakatafuta maneno baadaye, wakayapata yale yaliyokuwa karibu: vita, utoto, msiba.

Nilipomrudishia kitabu, msichana yule hakuficha furaha yake. Akaniuliza, kama wanavyouliza wote, ni mahali gani paliponigusa zaidi, nami nikaona usoni mwake kwamba jibu alikuwa nalo tayari, ni yale madoa.

"Ile baiskeli," nikasema.

Akafikiri kidogo, akaanza kupekua kurasa.

"Baiskeli gani, Mwalimu?"