Kuchoka siyo kutubu

Safari hii nataka tufikiri pamoja juu ya toba ya uzeeni. Nitaanzia kwenye sinema, na najua wengine watashangaa kuona mzee wa kanisa anaanzia huko. Naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Nilikuwa nimemsindikiza mgonjwa wetu mmoja hospitali ya Mulago, Kampala. Usiku nililala kwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amepanga chumba Wandegeya, upande wa kuteremkia bonde la Katanga. Waliofika pale wanapajua: huku Chuo Kikuu cha Makerere, kule Mulago, na katikati ni watu, pikipiki na moshi wa chapati. Jumamosi jioni majirani walikuja kwake kwa sababu ndiye mwenye televisheni kubwa. Tulikuwa watu saba, wengine kwenye kitanda, wengine kwenye madumu ya maji.

Sinema yenyewe inaitwa The Irishman. Ilitoka mwaka 2019, imeongozwa na Martin Scorsese, na urefu wake ni saa 3 na dakika 29. Robert De Niro anaigiza kama Frank Sheeran, dereva wa lori aliyegeuka muuaji wa majambazi wa Marekani. Joe Pesci ni Russell Bufalino, mkubwa wake. Al Pacino ni Jimmy Hoffa, kiongozi wa chama cha madereva wa malori, ambaye kweli alitoweka tarehe 30 Julai 1975, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Sinema inafuata yale ambayo Sheeran alisimulia alipokuwa mzee. Wapo wachunguzi wasiomwamini, wanaosema alijitwika mauaji asiyoyafanya. Hilo tuwaachie wao. Katika sinema, Frank ndiye anayemuua Hoffa, na Hoffa alikuwa rafiki yake.

Watu wa Kampala wamezoea sinema za vibandani, ambako mtafsiri anasema Kiluganda juu ya picha na kutia vichekesho vyake mwenyewe. Hii haikuwa na mtafsiri. Mpwa wangu alitueleza kwa Kiswahili, na rafiki yake kwa Kiluganda. Vijana walikuja kutafuta risasi. Baada ya saa moja wawili waliuliza vita vitaanza lini. Kabla ya saa ya pili kwisha walikuwa wamekwenda kutafuta mpira.

Waliobaki walicheka mahali pawili. Kwanza, pale Frank anapompiga teke mwenye duka. Uso wake umefanywa wa kijana kwa kompyuta, lakini mwigizaji alikuwa amepita miaka 70, na mwili haukudanganywa. Kijana mmoja akasema, "Uso wa mtoto, mguu wa babu!" Pili, kila jambazi mpya anapoingia, maandishi yanatokea kusema alikufaje na mwaka gani: huyu kwa risasi, huyu kwa bomu. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya nne hakuna aliyecheka.

Nusu saa ya mwisho haina risasi. Majambazi wamezeeka gerezani. Hawawezi kutafuna mkate vizuri. Russell, akiwa katika kiti cha magurudumu, anapelekwa kanisani, naye anamwambia Frank asimcheke, kwani zamu yake itafika. Frank anatoka gerezani, anajinunulia jeneza, anachagua mahali pa kuwekwa. Padri anamtembelea katika makao ya wazee na kumwuliza kama anajisikia chochote kwa ajili ya waliokufa. Anajibu hapana. Kwa ajili ya jamaa zao? Anasema hakuwajua, isipokuwa jamaa mmoja. Padri anamfundisha kwamba mtu anaweza kuamua kujuta hata kama moyo haujisikii. Wanasali pamoja. Halafu wanakuja wapelelezi wa serikali. Wanamwambia wenzake wote wamekufa, hakuna tena wa kumlinda, basi aseme Hoffa alipelekwa wapi, watoto wake wapate kujua. Hasemi.

Tena kuna binti yake, Peggy. Tangu utotoni alimwogopa baba yake. Hoffa alipotoweka, binti alimtazama baba usoni akajua, na toka siku ile hakusema naye tena. Frank anamfuata mpaka benki anakofanya kazi, akitembea kwa magongo. Binti anamwona, anafunga dirisha lake na kuondoka. Mwisho wa sinema mzee yuko peke yake chumbani, na anamwomba padri asifunge mlango kabisa, auache wazi kidogo.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, binti huyu ana moyo mgumu. Baba ni baba, na amezeeka." Mimi nilikubaliana naye. Jirani mmoja, mama anayeuza chapati, akatukatiza: "Mnataka asamehewe kitu gani? Amesema alifanya nini?" Hatukuwa na jibu.

Mzee mmoja Mganda alikuwa amekaa kimya. Alisema Kiswahili, ila kile alichojifunza kwa askari wa Amin, na alituambia wazi kwamba hakukipenda kwa sababu hiyo. Alinyoosha mkono kuelekea Makerere akataja jina la Frank Kalimuzo, aliyekuwa mkuu wa chuo. Alichukuliwa mwaka 1972 asionekane tena. Akageukia upande wa Nakasero, mlima wa pili, palipokuwa ofisi ya wapelelezi wa Amin. Akasema, "Watu waliingia pale. Mpaka leo watoto wao hawajui wawalilie wapi."

Idi Amin alipinduliwa Aprili 1979. Alizeeka kwa utulivu mjini Jeddah, Saudi Arabia. Mwaka 2003, alipokuwa mahututi, jamaa yake waliomba arudishwe Uganda, na Rais Museveni akajibu kwamba akirudi atawajibika kwa aliyoyatenda. Alikufa kule kule tarehe 16 Agosti 2003. Sheeran naye alikufa Desemba mwaka uleule. Wazee wawili, bara mbalimbali. Wote wawili walipata miaka mingi ya kukaa na kufikiri. Lakini muda peke yake haukumrudishia mtu hata mfupa mmoja wa ndugu yake.

Wapendwa, fundisho nililolipata ni hili: kuchoka siyo kutubu. Mzee akiacha panga, huenda ni kwa sababu mkono hauwezi tena kuliinua. Akilia usiku, huenda anaogopa kufa, wala hamkumbuki aliyemuua. Mvi zinaweza kumfanya mtu awe mpole bila kumfanya awe mkweli. Kutubu ni kurudisha. Zakayo alipobadilika, alianza na mfuko wake, akaahidi kuwalipa aliowaonea mara nne. Mtu atasema, "Na yule mwizi msalabani? Hakurudisha kitu, akapokelewa." Ni kweli. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa. Lakini alikuwa na kitu kimoja cha kutoa, nacho ni ukweli juu ya nafsi yake, na aliutoa mbele za watu. Frank naye alikuwa nacho hicho kimoja. Akakizuia, huku akitaka mlango uachwe wazi.

Sasa niseme linalonihusu mimi. Miaka michache iliyopita, hapa kambini kwetu, mzee mmoja aliugua ugonjwa wa kufa. Wengi tulijua kwamba wakati wa vita alitembea na watu wenye silaha, wale waliomchukua mume wa mama mmoja wa kanisa letu njiani, wasimrudishe. Hapa kambini alikuwa mpole, aliimba pamoja na wazee, aligawa mahindi yake. Alipoona siku zimekaribia alitutuma wawili: "Mwambieni yule mama aje, nipate kupumzika."

Tulikwenda. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza swali moja tu: "Amesema walimwacha wapi?"

Hatukuwa tumemwuliza mzee jambo hilo. Wala hatukurudi kumwuliza. Tulimsihi mama kwa maneno mengi juu ya kusamehe. Hakuja. Mzee akafa, tukamzika kwa nyimbo, na wengine wetu, mimi nikiwemo, tulisema mama yule ana moyo mgumu. Yale yale niliyoyasema juu ya Peggy pale Wandegeya.

Usiku ule sikulala upesi. Nilimkumbuka Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa, Kivengere na mkewe walikimbia usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Alikuwa mkimbizi kama sisi. Mwaka uleule alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Watu wengi hulitaja jina hilo kuwabana walioumizwa. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, alisamehe mwenyewe, moyoni mwake, bila kutumiwa wajumbe. Pili, kusamehe hakukumrudisha chini ya mkono wa Amin. Alirudi Uganda mwaka 1979, Amin alipokuwa ameondoka. Basi mtu anaweza kusamehe na bado akaufunga mlango wake. Kilichomo moyoni mwa Peggy sinema haituambii, na kilichomo moyoni mwa mama yule mimi sikijui. Niliona mlango umefungwa, nikahukumu moyo.

Kosa letu wazee lilikuwa hapo. Mwenye deni alitaka kupumzika, nasi tukaenda kumdai anayedaiwa. Tulimtuma mjane akamtafutie amani yule aliyemnyang'anya amani. Ingetupasa kukaa kitandani pa mgonjwa na kumwambia kwa upendo: "Baba, sema walimwacha wapi. Mama apate mahali pa kuelekeza machozi yake. Halafu tutamwita, naye atakuja kama atapenda."

Niliporudi kambini nilikwenda kwa yule mama. Nilimwambia, "Mama, ulituuliza swali, na hatukukujibu. Tulikukosea." Alikuwa anachambua maharagwe. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua. Hakusema kitu, nami sikumwomba aseme. Baadaye kidogo alinisogezea kigoda.

Ninyi ambao ni wazee kama mimi, na mna jambo mlilolifunika tangu kule nyumbani, msingoje mpaka padri au mchungaji aje na mafuta. Semeni mkiwa bado mnaweza kutembea. Labda yuko mtu katika ukanda wa pili anayengoja kujua jina la mto, jina la kilima, mti gani. Ni neno dogo kwenu. Kwake ni kaburi la mtu wake.

Nanyi mnaotumwa kupatanisha watu, kabla ya kubisha mlango wa aliyeumizwa, rudini kwanza kwa aliyewatuma. Mwulizeni anatuma nini.

Mungu awabariki. Tukutane toleo lijalo.