Kifua cha Mtakatifu Augustino

Kabla hajawa askofu, Mtakatifu Augustino alikuwa mwalimu wa lugha ughaibuni. Nilisoma Nyegezi, Mwanza, kwenye chuo kikuu chenye jina lake, na habari hiyo sikuitilia maanani hadi nilipokwenda China kufundisha Kiingereza. Mwaka 384 Mwafrika huyu, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, alipata kazi Milano ya kufundisha ufasaha wa Kilatini. Yaani kuwafundisha Waitalia lugha yao. Mwenyewe ameandika kwamba walikuwa wakimkosoa matamshi.

Nami Msukuma wa Kirumba nikasimama Foshan mbele ya watoto wa chekechea, nikiwaonyesha jinsi ya kubana ulimi kwenye meno ili “three” isitoke “sri”. Kule kazi hiyo hupewa kwanza wenye pasipoti za nchi chache: Uingereza, Marekani, Kanada, Afrika Kusini na nyingine mbili tatu. Basi bosi akawatangazia wazazi kuwa natoka Johannesburg. Mimi sikusema kitu.

Mama mmoja aliponiuliza mwenyewe, nilimjibu: Tanzania, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria. Akachangamka, akanionyesha kwenye simu picha ya bondo la sangara, kavu, lile lile linaloanikwa kwetu; kwao ni supu ya heshima. Wiki iliyofuata mwanawe alihamishiwa kwa mzungu kutoka Ukraine, ambaye sentensi zake za ubaoni nilikuwa nazisahihisha mimi.

Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na ni mkali: hata kuokoa maisha ya mtu, usidanganye. Ila anasema kuficha ukweli kwa kunyamaza si kudanganya. Kwa hesabu hiyo uongo ni wa bosi, mimi sina deni. Hapo sikubaliani na askofu. Kimya changu kililipwa kila mwisho wa mwezi, na kitu kinacholipwa ni kazi. Lakini mzigo siubebi peke yangu. Uongo ule ulikuwa na wanunuzi kabla haujasemwa. Yule mama alipoujua ukweli hakuuliza mtoto amejifunza nini. Alitafuta sura nyingine.

Hata hivyo nampenda Augustino, kwa sababu ya kifua chake. Mwaka 386, alipotaka kuacha ualimu, alisubiri likizo ya mavuno ya zabibu, kisha akawaarifu watu wa Milano watafute mwalimu mwingine: kifua kinamsumbua, pumzi haitoshi. Na kweli kilimsumbua. Ila alikwisha kuamua kuacha kwa ajili ya Mungu, na katika kitabu chake, Maungamo, anasimulia alivyofurahi kupata udhuru usio wa uongo.

Mimi nilipoaga pale chekechea nilisema mama anaumwa Mwanza. Alikuwa anaumwa kweli. Magoti.